Mbegu ya Nyanya Haichoki

Muulize mkulima yeyote wa Mtopanga, hapa Kisauni, Mombasa, kwa nini hapandi mbegu ya nyanya aliyoikausha mwenyewe, na jibu litakuwa tayari mdomoni: mbegu ya kujiwekea huchoka. Atakueleza alivyojaribu msimu mmoja, au alivyoona kwa jirani. Zilikamuliwa nyanya nzuri zilizolingana, mbegu zikaanikwa, zikasiwa, miche ikapandikizwa. Matunda yalipokuja, kila mche ulikuja na lake. Huu ulizaa nyanya za mviringo, ule za umbo la yai, wa tatu nyanya bapa zenye mikunjo, wa nne vijinyanya vyenye shingo. Tangu hapo imeamuliwa kwamba kila msimu ni kwenda duka la pembejeo kununua pakiti mpya.

Rai hii imeenea kutoka Mtopanga hadi Kiembeni, Utange na Mwakirunge, wala haishikwi na wakulima peke yao. Muuza pembejeo huisema, mshauri wa kilimo huirudia, na mwenye nyumba aliyepanda miche michache kwenye ndoo nyuma ya jiko huipokea kama ilivyo. Imekuwa kanuni isiyodaiwa hoja: mbegu ya dukani ni safi, ya kujiwekea ni makapi. Mimi naipinga. Lisemwalo lipo, na maumbo hubadilika kweli. Walioyaona hawakudanganywa na macho yao. Walichokosea ni sababu. Na kwa kukosea sababu wanatoa kila msimu fedha ambazo wengine wao hawakulazimika kuzitoa, na wanaacha mikononi mwa wengine ujuzi uliokuwa wao.

Tuanze na ua lenyewe. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Vifuko vya chavua vimeungana vikafanya bomba la manjano, na ndani ya bomba hilo ndimo ilimo sehemu ya kike inayoipokea chavua. Upepo ukilitikisa, au wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wakilikamata na kuvuma, chavua humwagika papo hapo. Katika aina nyingi zinazolimwa leo, chavua ya mche mwingine huingia kwa nadra. Nyanya hujichavusha, na kwa hiyo mbegu yake kwa kawaida ina mama na baba mmoja, nao ni mche uleule.

Maana yake ni kubwa. Aina ya nyanya iliyokwisha kutulia, ambayo nakala mbili za kila jeni ndani yake zinafanana, haina cha kugawa kwa watoto ila kilekile ilicho nacho. Cal J ni aina ya namna hiyo, na Rio Grande, na Roma, na Money Maker. Zote zimelimwa Kenya kwa miaka mingi. Kausha mbegu ya Rio Grande, uipande, nawe utavuna Rio Grande yenye umbo lake la yai. Kausha mbegu za hizo, uzipande tena, na umbo ni lile. Mara mojamoja utauona mche wa kigeni, kwa kuwa nyuki amepita au mbegu zimechanganyika kwenye kuanika, unaung'oa, unaendelea. Aina hizi zisingekuwapo hadi leo kama mbegu ingekuwa na tabia ya kuchoka, maana hata kampuni inayoziuza huzizalisha kwa njia hiyohiyo: hupanda, huvuna, hukamua, hukausha.

Basi yale maumbo manne yalitoka wapi? Yalitoka kwenye chotara. Soma pakiti za madukani: Anna F1, Assila F1, Kilele F1. Ile F1 iliyoandikwa pembeni mwa jina ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye pakiti, nayo ndiyo isiyoelezwa. Inasema kwamba mbegu hii ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti waliochavushwa kwa mkono. Kila mche wa pakiti hiyo umepata nusu ileile kutoka kwa mama na nusu ileile kutoka kwa baba, na ndiyo sababu miche yote hufanana. Lakini ndani ya kila mmoja wazazi wawili wangali wanaishi pamoja, na mche huo ukijichavusha, urithi wao hugawanyika upya katika kila mbegu. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawatoki sura moja, na hakuna anayesema damu ya ukoo imechoka.

Mtafiti Gregor Mendel alilichapisha jambo hili mwaka 1866, baada ya kulifuatilia kwa njegere. Kwa nyanya tunaweza leo kuzitaja jeni zenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliitambua jeni waliyoiita OVATE, ambayo badiliko dogo ndani yake hulirefusha tunda likapata shingo. Mwaka 2008 ikajulikana nyingine, SUN, inayotokana na kipande cha urithi kilichonakiliwa kikahamia kromosomu nyingine, nayo pia hurefusha tunda. Jeni mbili zaidi, FAS na LC, huamua idadi ya vyumba vya mbegu ndani ya nyanya. Nyanya mwitu huwa na vyumba viwili. Vikiongezeka, tunda hupanuka, likawa bapa, likajikunja mabegani.

Sasa fanya hesabu. Chukua chotara ambaye mzazi mmoja ana OVATE ya kurefusha na mwingine hana. Chotara mwenyewe atazaa nyanya za mviringo, kwa kuwa aghalabu nakala moja ya jeni hiyo haitoshi kuonyesha shingo. Panda mbegu zake, na takriban mche mmoja katika kila minne utarithi nakala mbili na kuzaa matunda marefu. Wazazi wakitofautiana kwa jeni mbili zisizotegemeana, tayari una makundi manne ya sura katika kila miche kumi na sita, kwa uwiano wa tisa, tatu, tatu na moja. Yale yaliyoonekana kama fujo shambani yalikuwa hesabu iliyonyooka. Mbegu ilifanya kazi yake kikamilifu. Ilitoa kila ilichopewa.

Ieleweke kwamba kuzeeka kwa mbegu kupo. Hewa ya pwani ina unyevu, na mbegu iliyofungwa kwenye gazeti juu ya kabati hupungukiwa uhai. Dalili zake zinajulikana: mbegu chache huota, miche hutoka dhaifu, kitalu huwa na mapengo. Lakini uzee haugeuzi umbo la tunda. Hakuna njia ambayo mbegu ya nyanya ya mviringo itakaa koponi mpaka ikawa mbegu ya nyanya ndefu. Anayesema maumbo yamebadilika kwa kuwa mbegu imechoka amechukua dalili ya ugonjwa mmoja akaitibia ugonjwa mwingine.

Kuna sababu ya tatu inayochanganywa na hizi mbili. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, usiku wa Mombasa hauna baridi ya kuisaidia nyanya. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku likabaki juu ya 21, chavua huharibika, na baadhi ya mbegu ndani ya tunda hazitungwi. Upande uliokosa mbegu haujai. Tunda hutoka limeinama, lina pembe, au limebaki na uwazi ndani. Maji ya visima vyetu yenye chumvi nayo huizuia mizizi kunyonya kalisi ya kutosha, na kitako cha nyanya huoza kabla haijaiva. Mambo hayo humpata aliyenunua pakiti sawasawa na aliyekausha mbegu nyumbani.

Kuyatenganisha si kazi ya maabara. Nenda shambani, utazame mche mmoja kwanza. Matunda yote ya mche mmoja yana urithi mmoja, kwa sababu nyama ya nyanya ni mwili wa mama. Hata chavua ya nje ikiingia, alama yake imo ndani ya mbegu na haionekani kwenye tunda la msimu huu. Kwa hiyo mche mmoja ukizaa nyanya zenye sura tofauti, lawama ni ya joto, maji au lishe, wala mbegu haihusiki. Ikiwa kila mche una sura yake na matunda yake yanafanana yenyewe kwa yenyewe, ile ni mbegu ya chotara inayogawa urithi. Na ikiwa mche mmoja tu katika shamba zima umejitenga, hapo umechanganya mbegu au nyuki amepita. Muda wa kupita matuta mawili unatosha kumjua mkosaji, ilhali tumezoea kuwahukumu wote kwa neno moja.

Kwa nini basi rai hii ina nguvu hivi? Naamini ilizaliwa kwenye mahindi. Mwaka 1964 mahindi chotara ya H611 yalitolewa Kitale, na tangu hapo wakulima wa Kenya wamefundishwa kizazi baada ya kizazi kwamba mahindi chotara hayarudiwi. Kwa mahindi somo hilo ni la haki. Mahindi huchavushana kwa upepo, shamba kwa shamba, na chotara akirudiwa mavuno hushuka waziwazi. Hapa pwani tumelijua kupitia Pwani Hybrid, mbegu iliyotokana na kituo cha utafiti cha Mtwapa, mwendo mfupi tu kutoka Mtopanga. Lakini kituo hichohicho kilitupa Coast Composite, mahindi yasiyo chotara, ambayo mkulima angeweza kujiwekea mbegu yake. Hata kwenye mahindi, basi, kauli ya kwamba kila mbegu inunuliwe upya haikuwa kweli tupu. Kuihamishia kwenye nyanya, mmea unaojichavusha na usiodhoofika kwa kujichavusha, ni kuchukua sheria ya nyumba moja kuhukumia nyumba nyingine.

Nawapinga pia wale wa upande wa pili, wanaoipenda mbegu ya kujiwekea lakini huichagua kwa tunda. Wao huenda soko la Kongowea, wakachagua kwenye kreti nyanya moja iliyonona na kunyooka, wakazikausha mbegu zake, wakaamini uzuri utarithiwa. Nyanya za sokoni huenda ni za chotara, na nyanya nzuri kuliko zote na nyanya mbovu kuliko zote za mche mmoja zina mbegu zenye mchanganyiko uleule. Mdenishi Wilhelm Johannsen alilithibitisha hili mwaka 1903 kwa maharage. Ndani ya ukoo uliotulia, mbegu nzito na mbegu nyepesi zilizaa watoto wenye uzito wa wastani uleule. Cha kuchagua ni mche: afya yake, uzazi wake, sura ya matunda yake yote kwa jumla. Anayechagua tunda kwa uzuri wake anachagua bahati ya maji na jua lililolipata.

Watetezi wa pakiti wana hoja tatu nzito, nami sitaziruka. Ya kwanza ni ugonjwa. Ni kweli kwamba baadhi ya bakteria na virusi vya nyanya husafiri na mbegu, na anayekamua mche unaougua anajipandia maradhi. Jibu lake ni usafi, nao unafundishika. Mbegu itolewe kwenye miche mizima pekee. Iachwe na maji yake ichache siku mbili au tatu mpaka ule utelezi uachane nayo, ioshwe, ikaushwe kivulini. Anayetaka uhakika zaidi huiloweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kwa kipimajoto na si kwa kubahatisha, kisha huipoza na kuikausha. Ihifadhiwe kwenye chupa kavu iliyofungwa barabara. Nyanya moja huweza kutoa mbegu zaidi ya mia, kwa hiyo matunda machache ya miche kumi yanatosha shamba la familia.

Hoja ya pili ni soko. Kongowea hupokea nyanya za Taveta na Loitokitok zilizosafiri kwenye kreti, na mfanyabiashara anataka zilingane, ziwe na ngozi ngumu, zipangike. Nakubali. Anayelima kwa kreti hawezi kupeleka maumbo manne. Lakini Cal J na Rio Grande hulingana na hupangika, nazo si chotara. Na mkulima wa Mtopanga, ambaye viwanja vinavyojengwa vimemwachia kipande kidogo kati ya nyumba na nyumba, mara nyingi hauzi kwa kreti. Humuuzia mama mboga wa mtaani, anayepanga nyanya kwa mafungu. Mwenye kupika mchuzi wa nazi au kukata kachumbari hununua fungu kwa ubivu na uzito. Kumwekea mkulima huyo kanuni ya kreti ni kumtoza gharama ya safari ambayo nyanya yake haifanyi.

Hoja ya tatu ni kinga. Chotara mzuri amekusanyiwa kinga za magonjwa kadhaa na mara nyingi huzaa zaidi. Mwenye mtaji, maji ya bomba na soko la uhakika anaweza kufidia bei ya pakiti, naye ana haki ya kuinunua. Sisemi chotara ni mbaya. Ninachokataa ni kumwambia kila mtu kwamba hana njia nyingine, na kumwambia hivyo kwa sababu isiyo ya kweli.

Uongo huu haukuishia shambani. Sheria ya Kenya ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012, ilimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu isiyoidhinishwa katika hatari ya faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote pamoja. Dhana ya kwamba mbegu ya mkulima ni uchafu ilipata meno. Wakulima 15 waliipinga mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kuwa vifungu vilivyoadhibu kugawana mbegu ni kinyume cha Katiba. Ushindi huo ni mkubwa, lakini mahakama haiwezi kuondoa dhana vichwani. Mkulima anayeamini kwamba mbegu yake imechoka hataitumia haki aliyorudishiwa.

Majirani zetu wa Tanzania wametuonyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine. Kituo cha Tengeru, Arusha, kwa kushirikiana na watafiti wa kimataifa wa mboga, kilitoa mwaka 1997 aina mbili za nyanya zisizo chotara, Tengeru 97 na Tanya, zenye ngozi ngumu ya kustahimili safari. Mkulima hujiwekea mbegu yake na umbo likabaki. Na sheria yao ya mbegu ya mwaka 2003 iliweka daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo wakulima wadogo huzalisha mbegu kwa ajili ya majirani zao na wakaguzi huja kuzitazama. Ubora unalindwa bila kumnyang'anya mkulima kazi ya kuzalisha.

Nimeacha hoja kubwa mwisho kwa makusudi. Hata ile mbegu ya chotara iliyotoa maumbo manne si hasara tupu. Kila umbo la nyanya tunalolijua lilitokana na tofauti kama hizo. Nyanya mwitu ya Amerika Kusini ni tunda dogo la mviringo, halizidi punje kubwa ya njegere kwa mengi. Wakulima wa huko na wa Meksiko, karne nyingi kabla ya Wahispania kufika, waliona mche uliotofautiana, wakauwekea mbegu, wakaurudia, mpaka zikapatikana nyanya kubwa, bapa na zenye mikunjo. Hawakuwa na pakiti. Walikuwa na macho na subira.

Mkulima wa Mtopanga anaweza kufanya vilevile. Katika watoto wa chotara, nusu ya urithi uliokuwa umegawanyika hutulia kila kizazi. Kizazi cha pili hubakiwa na asilimia 50 ya mgawanyiko, cha tatu 25, cha nne 12.5, cha tano 6.25, cha sita karibu 3. Kwa misimu miwili kwa mwaka, miaka mitatu inatosha kupata nyanya iliyotulia, iliyochaguliwa kwenye mchanga wetu wa matumbawe, kwa maji yetu ya chumvi, chini ya jua letu la kaskazi. Mche uliojaa matunda mwezi wa Machi wakati jirani zake wote wameangusha maua una thamani kuliko umbo lolote, na anayeuona ni yule aliyepanda mbegu yenye tofauti. Aliyeing'oa miche yote kwa hasira ya sura zake ameutupa na huo.

Nadai basi mambo mawili yaliyo rahisi kutekelezwa. Kila duka la pembejeo limwambie mnunuzi wa nyanya, kwa Kiswahili na kabla hajalipa, kama mbegu anayoinunua ni chotara au ni aina iliyotulia, na hiyo ya pili isikosekane rafuni. Na kila mshauri wa kilimo anayekuja Kisauni aache kufundisha kwamba mbegu huchoka, afundishe namna ya kuchagua mche, kuchachua na kukausha. Naye mkulima asiitupe pakiti baada ya kusia. Aiweke, kwa sababu ndiyo cheti cha ukoo wa shamba lake. Mtu yeyote atakayesema tena kwamba mbegu ya kujiwekea imeharibu nyanya, aulizwe swali moja kabla ya kusikilizwa: ilitoka kwenye pakiti gani?